Papa Admin na Maji ya Kweli

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa kambi, nimeshika kiatu kimoja mkononi, kingine kimebaki kwenye tope. Najua wapo waliocheka. Chekeni tu, kiatu chenyewe kilikuwa cha baba mkwe.

Kwa wewe ambaye gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungiwa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nakufupishia. Jina langu Bertin, mtu wa mji wa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Injini yangu ya boti ilizama ziwani. Nyumba yangu ya kuchaji simu iliporwa mchana kweupe, na mporaji mmoja akarudi kuniomba waya aliousahau. Nikabaki na mke, Pulchérie, watoto, simu mbili, yake nzima na yangu yenye kioo kilichopasuka, na mdomo. Kwa mdomo huo nikafungua grupe ya WhatsApp. Na kwa ajili ya grupe hiyo, Ijumaa saa sita mchana, watu wenye bunduki walimchukua Godelieve, dada mkubwa wa mke wangu, kwetu tunasema yaya, pamoja na bidon zake, madumu kumi na moja ya maji ya kunywa.

Nilikimbia nyuma yao. Pulchérie akanipigia kelele kutoka uani: "Bertin! Urudi na yaya yangu, ao usirudi!"

Wenye bunduki ni akina nani? Wale waliokuwa wanashika mji mwaka ule wa elfu mbili kumi na saba. Siwataji. Bado naishi hapa, na bado napenda kula jioni.

Mpaka wiki iliyopita mmekuwa mkinihurumia. Leo mtaacha.

Grupe ilianza kwa hasira. Soko letu, kila muuzaji ni mtakatifu. Muulize mwenye mukeke kama samaki ni wa leo, ataapa kwa roho ya mama yake, na mama yake amekaa pembeni anafukuza nzi. Nikasema basi, hapa hatutamwamini anayeuza. Tutamwamini aliyekula.

Nikaiita Bouche à Oreille Baraka, ndivyo Wafaransa wanavyosema habari ya kutoka mdomoni kwenda sikioni. Wamama wakaiona ndefu, wakaikata: Bushore.

Sheria ilikuwa moja tu. Muuzaji hasifu chake. Mwenye kusifu awe amenunua, ametumia, na aseme kwa audio, kwa sauti yake mwenyewe, tumtambue. Ukidanganya unatolewa, kiti chako anapewa mwingine.

Viti vilikuwa mia mbili hamsini na sita. WhatsApp yenyewe ndivyo ilivyopima siku hizo. Miezi mitatu vikajaa, watu wakaanza kupanga mstari wa kuingia ndani ya simu. Kuna mzee alifariki kule Nundu, na kabla hajazikwa mtu akaniuliza kwa upole kama marehemu alikuwa na kiti.

Sikuchukua franga ya mtu. Nilichukua kitu kibaya zaidi: nilichukua jina. Nikipita sokoni naitwa kutoka kila meza, "Papa Admin, kuya uonje!" "Papa Admin, hii sabuni uisemee!" Mtu aliyezoea kuitwa "ule mwenye injini yake ilizama" leo anaitwa Papa. Nililewa jina hilo kuliko pombe ya kanyanga.

Kisha kolera ikaja, kipindupindu. Kwetu kolera haiulizi njia, inaijua.

Godelieve ni mjane, mwimbaji wa kwaya, mtu msafi hadi sabuni yenyewe anaisuuza. Mimi namwita Yaya Gode. Alikuwa anachota maji ziwani, anayapitisha kwenye mchanga na makaa, anayachemsha, anatia dawa ile ya chlore, anayafunika na kitambaa cheupe. Akimaliza anaweka mkono juu ya kila bidon, anaiombea: mwenye kunywa asiugue. Halafu anauza, kwa bidon au kwa chupa.

Kwenye grupe hakusema neno. Sheria ni sheria. Aliyesema ni Sumaya.

Sumaya anauza vitenge karibu na msikiti, upande wa ziwa. Sauti yake ikipita kwenye simu yako, ya jirani inatetemeka.

"Assalam aleikum bote," alisema. "Ni miye Sumaya. Wiki tatu nanunua maji kwa Mama Gode. Kolera imeingia kwa jirani wa kushoto. Imeingia kwa jirani wa kuume. Kwangu ilifika ku mulango, ikaangalia, ikaenda. Batoto sita, hakuna hata mumoja. Ile maji ni maji ya kweli. Mwenye iko nayo haguswe!"

Siku mbili, audio arobaini. Mi pia nimekunywa. Mi pia sikuguswa. Na mama mukwe, haguswe, ijapokuwa nilikuwa natumaini kidogo.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Audio ya Sumaya ilikuwa ndefu. Mega za intaneti ni ghali, na wanachama wa kule juu, Fizi na Misisi, rezo yao, mtandao, inakuja na kuondoka kama kikohozi. Wakaanza kulalamika haifunguki. Nikakaa na simu yangu, nikakata. Nikatoa salamu. Nikatoa jirani wa kushoto, nikatoa wa kuume, nikatoa batoto. Nikaacha kipande cha mwisho: "Ile maji ni maji ya kweli. Mwenye iko nayo haguswe!" Nyepesi, tamu, inafunguka popote. Ile ndefu nikaifuta ili simu ipumue.

Nikaona imependeza. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye vipande vya karatasi, nikavibandika kwenye chupa za Yaya Gode kwa mkono wangu: MAJI YA KWELI. HAUGUSWI.

Msomaji wa Fizi ameshashika kichwa. Wewe wa mbali, ngoja nikueleze. Kwetu neno maji lina nyumba mbili. Kuna maji ya kunywa. Na kuna maji ambayo kijana anayekwenda msituni na bunduki ananyunyiziwa, anaambiwa risasi ikimfikia itakuwa tone tu. Hao vijana jina lao lenyewe ni maji, wakalitaja mara mbili ili usisahau. Maji yao ni ya kweli ama ni ya uongo, na anayejua tofauti mara nyingi harudi kusema. Asiyeguswa na risasi anarudi.

Sasa soma tena nilichobandika.

Placide ndiye aliyeniletea habari. Ni mwendesha pikipiki, anabeba watu na mizigo, na siku hizo maji ya Yaya Gode, kwenda Misisi, kule kwenye mashimo ya dhahabu. Alirudi siku moja amejaa vumbi mpaka kwenye meno, anacheka peke yake.

"Papa Admin, ile maji kule inakwisha kabla nishuke ku pikipiki."

"Kolera imefika Misisi?"

"Kolera gani? Hakuna mwenye anakunywa."

"Banaifanya nini basi?"

"Banajipakaa," alisema, akajipaka kifuani kunionyesha. "Vijana ba msituni banatuma batu kununua. Banasema ya kwao ilichoka, ii ya Baraka iko mupya. Banasikiliza audio yako, halafu banajipakaa."

Tulicheka. Naandika kwa kalamu hii hii: tulicheka mpaka Placide akashika pikipiki isianguke.

Placide akaondoka. Nilikuwa na simu mkononi. Maneno yaliyohitajika hayakujaza hata kiganja: hii ni maji ya kunywa, ni ya kolera, haizuii risasi. Nikaanza kuyaandika. Simu ikaita, ni mtu wa Misisi anaomba kiti. Wa pili wa Lulimba. Wa tatu sijui wa wapi, ananiita Papa Admin Munene.

Nikafuta nilichoandika.

Nikaenda kwa Yaya Gode. "Yaya, ongeza bidon. Misisi banataka mara mbili."

Alifurahi kama mtoto. "Mungu wangu. Mbona banakunywa hivyo?"

"Kiu, Yaya. Kule ni joto."

"Pole yao," alisema, na siku hiyo akaombea kila bidon mara mbili.

Hiyo ndiyo kiu yangu. Mtu anaweza kuishi miaka mingi hajui uongo wake mkubwa ni upi. Mimi wangu naujua, una herufi tatu.

Kisha vita ikashuka kutoka upande wa Misisi, na barabara ya Fizi ikaanza kuleta watu wenye magodoro kichwani. Kijana mmoja wa msituni alianguka kwa risasi kwenye kona ya barabara. Wenye kushika mji walipompekua walimkuta na chupa kiunoni, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Juu ya chupa, mwandiko wangu.

Ndiyo maana Ijumaa wakaja. Sasa tuko pamoja mlangoni.

Waliniingiza bila kuniuliza nataka nini. Uani kulikuwa na meza moja chini ya bati. Komanda wao alikaa hapo anakula karanga, mtu mwembamba mwenye sauti laini, ya kuungamisha watu. Yaya Gode alikuwa amekaa juu ya bidon moja tupu. Kumi zingine walikuwa wamezimwaga, uwanja wote umelowa. Kitambaa chake cheupe kilikuwa begani, safi bado.

"Nani Admin?" komanda akauliza.

"Ni mi, komanda."

Akanitazama kutoka kichwa mpaka kiatu, kile kimoja cha mkononi. "Wewe? Mi nilizania Admin ni mutu munene."

Askari wakacheka. Nami nikacheka kidogo, mazoea.

"Leta simu. Fungua."

Nikafungua. Akapapasa, akaipata audio haraka, nadhani alishaisikia mahali pengine. Akaicheza. Akaicheza tena. Mara ya tatu akafumba macho.

"Ile maji ni maji ya kweli. Mwenye iko nayo haguswe!"

"Huyu mama anauza maji?"

"Hapana, komanda. Vitenge."

"Anauza vitenge, lakini anasifu maji."

"Ndiyo sheria ya grupe. Muuzaji hasifu chake."

Akawageukia watu wake. "Munaona? Banajipanga kuliko sisi."

Yaya Gode akainua mkono kama yuko kanisani. "Papa komanda, samahani. Ile ni maji ya kunywa. Sumaya alisema ju ya kolera."

"Kolera?" Komanda akanyanyua simu. "Mama, nimesikiliza mara tatu, mbele yako. Kolera iko wapi?"

Yaya Gode akanigeukia. Hakuwa na hasira, ndilo lililoniumiza. Alikuwa anangoja nimsaidie.

"Bertin, kolera alisema. Hata mi nilisikia ku simu ya Pulchérie. Alisema majirani, alisema batoto. Ilienda wapi?"

"Niliikata, Yaya."

"Uliikata?"

"Ilikuwa ndefu. Mega..."

"Ulikata batoto, ukaacha haguswe?"

Komanda alitafuna karanga polepole kama mtu aliye kwenye sinema. Akatoa chupa chini ya meza, ya plastiki, imebonyea. Kamba ya kiatu ilikuwa bado imezungushwa shingoni mwake.

"Na huu mwandiko?"

"Wangu."

"Ulijua kule juu banafanyia nini?"

Hapo, wasomaji, Mungu alinipa nafasi yangu, mchana, mbele ya mashahidi.

"Sikujua, komanda."

Yaya Gode akainamisha macho kwenye tope. "Uliniambia ni kiu," alisema. Basi. Hakuongeza. Alikuwa amenijua.

Komanda akafuta chumvi vidoleni. "Jambo ni jepesi. Mama anasema ni maji ya kunywa. Wewe ndio mukubwa wa midomo. Bambie bote, kwa sauti yako, hii ni maji tu. Bakiamini, mi pia nitaamini. Mama anaenda kwake."

Akanirudishia simu. Nilishika simu, nikabonyeza, nikasema kama sijawahi kusema: "Bandugu ba Bushore, ni mi Admin. Maji ya Mama Gode ni ya kunywa tu. Haina nguvu yoyote. Haimulinde mutu. Aliyesikia vingine alisikia vibaya. Aksanti."

Ikaenda. Tukangoja. Komanda akanipa karanga mbili.

Wa kwanza alikuwa Sumaya. Komanda aliweka sauti juu, haikuwa lazima.

"Papa Admin! Nani amekutisha? Haina nguvu? Wewe mwenyewe ulikunywa lini? Siku zote nakuona na bia! Sheria yako inasema asiyetumia asiseme. Nyamaza, ao tunaomba utolewe! Ile maji iko na nguvu, mi ni shahidi!"

Wa pili: "Admin, usiharibie mama wa batu jina. Nguvu iko, kabisa."

Wa tatu: "Vraiment, kweli. Batoto bangu batano, bote bazima. Ni maji ya kweli."

Wa nne, wa tano. Walikuja kama mvua ya kwanza juu ya bati. Miezi niliwafundisha kumtetea aliyewauzia vizuri, na sasa wanafunzi wangu wote walikuwa wamefaulu. Kila mmoja alimpenda Yaya Gode. Kila mmoja alimsukuma hatua moja ndani ya shimo. Wala hakuna hata mmoja, Mungu wangu, aliyetaja kolera! Watu hawataji kolera mbele za watu, ni ugonjwa wa aibu. Wanasema "ile kitu". Wanasema "kuguswa".

Yaya Gode alikuwa anasikiliza sifa zake, machozi yanamtoka. Sijui yalikuwa ya nini. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu namna ile.

Kisha ikaja audio ya mtu wa Misisi. Upepo ulikuwa unavuma nyuma yake, na sauti yake ni ya kijana, haina haraka.

"Huku juu tunasema aksanti kwa mama. Juzi risasi mbili zilipita hapa ku shingo. Hapa. Sikuguswa."

Askari mmoja, mdogo wa umri, akaitazama bidon iliyomwagwa, akatazama tope, na nikamwona anasogeza kiatu chake kwenye maji, pole pole, kama hataki tumwone.

Komanda alimwona pia. Hapo ndipo alipoacha kutabasamu.

"Simama mbali na ile maji!" alifoka. Kisha kwangu, kwa ile sauti laini: "Unaona? Nimejaribu njia yako. Sasa tutajaribu yangu."

Akavuta kiti karibu.

"Andika. Mama Gode anagawa maji yote, bure, kesho asubuhi. Nyuma ya ile hangari ya zamani ya samaki. Ni mara ya mwisho. Vijana ba juu batakuya. Sisi tutakuwa tumeshafika. Kesho mchana mama anapika kwake."

"Na bale vijana?"

"Si banasema habaguswe?"

Yaya Gode akasimama. Bidon ikaanguka nyuma yake. "Bertin. Usiandike."

"Yaya..."

"Ni batoto ba batu. Ule mwenye amesema aksanti, ni mutoto. Usiandike. Banibakize hapa."

"Mama, kaa," komanda alisema.

"Nakuambia mbele yao wote. Ukiandika, usiniite yaya tena."

Nilikuwa na macho yake upande mmoja. Upande mwingine nilikuwa na Pulchérie uani, mikono kiunoni: ao usirudi. Hesabu niliyofanya siyo ya mtu mwovu, ndivyo ninavyojiambia. Nilisema, wale wana bunduki, wamechagua. Huyu ana kitambaa cheupe. Nikasema, wale siwajui. Ni uongo, kwa kuwa mmoja nilikuwa nimetoka kuisikia sauti yake.

Na nikajiona mjanja, msinicheke. Nikatafuta neno la kuwaita wa juu peke yao, mtu wa mjini asijihusishe. Nikalipata. Nikaandika:

"MAJI YA KWELI. Mama Gode anagawa yote, bure, kesho Jumamosi saa tatu asubuhi, nyuma ya hangari ya zamani ya samaki. Mara ya mwisho. Mwenye kuitaka ashuke."

Ashuke. Nani anashuka? Aliye mlimani. Nilikuwa nimewaza maji ya msituni kwa muda mrefu hivi kwamba, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilisahau kwamba maji ni kitu cha kunywa. Na nilisahau kwamba hangari iko ufukoni, na Baraka nzima, ili ifike ziwani, inashuka.

Nikatuma. Yaya Gode akaninyima uso.

Alama mbili zikatokea chini ya ujumbe. Zikageuka buluu.

Sumaya: "Bure?? Mungu akubariki Mama Gode! Tunashuka na bidon zote. Admin, nimekusamehe."

Mwalimu wa shule ya msingi: "Nitaleta wanafunzi wabebe."

Mama muuza sombe, kisamvu chetu: "Mi na bakwe bangu wote."

Mama wa kwaya: "Kwaya yote, saa mbili tuko pale, tunaimba."

Nilisoma mara mbili. "Komanda," nilisema, "hawa si wa msituni. Hawa ni bamama. Ni wa kolera. Niache niwaambie."

Akaichukua simu, akasoma, anahesabu kwa midomo. "Mm. Batu mingi."

"Ni bamama, komanda!"

"Bakuye," alisema. "Kijana wa juu ni mujanja, akikuta pahali patupu, anarudi. Akikuta bamama na batoto ku mustari, anashuka bila woga." Akanipiga begani, kirafiki kabisa. "Uko Admin muzuri. Mi nilikuzarau ju ya kiatu."

Simu ikalia tena mkononi mwake. Audio. Akaicheza kabla sijajua ni ya nani, na sauti ya mke wangu ikajaa uwanja ule, inacheka na kulia pamoja.

"Bertin! Kumbe wamemuachilia! Ningejua ulikuwa na akili, ningekuheshimu zamani. Umwambie Yaya mi na batoto tutakuwa ba kwanza ku mustari. Tunaenda mapema, tulale pale kwa shangazi karibu na hangari. Simu inakufa, naifunga. Tutaonana kesho!"

Komanda akaiweka simu kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Yaya Gode alikuwa amegeuka. Alikuwa amesikia sauti ya mdogo wake, lakini askari walikuwa wanacheka, maneno hakuyashika.

"Ule ni Pulchérie," alisema. "Bertin, anasema anaenda wapi?"